Pindo la Shashi: Berthe Morisot na Picha ya Dada Yake

Katika jumba la makumbusho la Orsay mjini Paris kuna picha ndogo ya rangi ya mafuta, urefu wake sentimita 56 na upana wake 46, ambayo mtu mwenye haraka anaweza kuipita bila kusimama. Mwanamke kijana amekaa kando ya kitanda cha mtoto mchanga. Amevaa gauni la rangi ya giza na utepe mweusi shingoni. Kichwa amekiegemeza kwenye mkono wa kushoto, na mkono wa kulia umetulia ukingoni mwa kitanda, vidole vimeshika pindo la shashi iliyotandazwa kumfunika mtoto. Mtoto amelala, mkono wake mdogo ameukunja karibu na uso. Nyuma yao kuna pazia la dirisha, basi. Baba hayupo, wala mgeni aliyekuja kutoa hongera. Picha inaitwa Le Berceau, yaani kitanda cha mtoto. Aliyeichora ni Berthe Morisot, mwaka 1872. Mama ni Edma, dada yake mkubwa, na mtoto ni Blanche, binti wa pili wa Edma, aliyezaliwa Desemba 1871.

Kwa kawaida watu wakiitazama picha hii husema inaonyesha mapenzi ya mama, kisha wakaenda zao. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaishia mlangoni, na wahenga walikwisha kutuonya kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mapenzi ya mama yamechorwa mara elfu, na nyingi kati ya picha hizo hatuzikumbuki. Lipo jambo jingine linaloifanya hii idumu. Hoja ya makala hii ni kwamba nguvu ya picha ya mtu wa nyumbani hutoka katika mambo mawili yanayovutana: kumjua mtu kupita anavyojulikana na watu wa nje, na kujua ni kiasi gani cha ujuzi huo kinastahili kuonyeshwa. Kwa Kiswahili tunalo neno linalolifaa jambo hilo la pili, nalo ni sitara. Mchoraji asiyemjua mtu wake hana cha kusitiri, kwa kuwa hana siri yoyote mkononi. Mchoraji anayemjua mtu wake akamwanika mzima, huyo amevunja amana. Morisot alijua mengi kuhusu mwanamke aliyekaa kando ya kitanda kile, na picha yote imesimama juu ya namna alivyoyatumia.

Alichokijua kinaanzia miaka mingi kabla ya Blanche kuzaliwa. Berthe alizaliwa mwaka 1841, Edma mwaka 1839, katika familia ya ofisa mwandamizi wa serikali. Mama yao aliwatafutia walimu wa kuchora kama ilivyokuwa desturi ya familia za tabaka lao: msichana ajue kupiga piano kidogo na kuchora kidogo, apate la kuwaonyesha wageni sebuleni. Mwalimu wao mmojawapo, Joseph Guichard, aliona mapema kwamba hawa wawili hawataishia kwenye hicho kidogo. Alimwonya mama yao kwamba mabinti hawa watakuwa wachoraji hasa, na kwamba katika mazingira yao jambo hilo lingekuwa mapinduzi, karibu sawa na balaa. Mama hakuwazuia. Mabinti walikwenda Louvre kunakili kazi za wakubwa waliotangulia, wakapata mafunzo kwa Camille Corot, bingwa wa kuchora mandhari, na mwaka 1864 kazi za wote wawili zikapokewa Salon, maonyesho rasmi ambayo ndiyo yaliyokuwa mlango mkuu wa mchoraji yeyote wa Ufaransa. Karibu mwaka 1865 Edma alimchora mdogo wake akiwa amesimama kazini, brashi mkononi na kibao cha rangi. Tuiweke akilini picha hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoifungulia njia ile ya mwaka 1872.

Mwezi Machi 1869 Edma aliolewa na Adolphe Pontillon, ofisa wa jeshi la majini, akahamia Lorient, mji wa bandari magharibi mwa Ufaransa. Brashi akaziweka chini. Hakukuwa na sheria iliyomlazimisha, na mumewe hakuwa mkatili kwa jinsi tunavyojua. Ilikuwa tu kwamba mke wa ofisa ana nyumba ya kuendesha, na studio iko Paris. Barua alizomwandikia Berthe siku zile zimehifadhiwa, na ndani yake anasema kwamba kwa mawazo bado yumo studioni, kwamba angetamani kutoroka japo robo saa akavute tena ile hewa waliyoizoea pamoja kwa miaka mingi. Berthe naye alibaki peke yake na kazi ambayo hakuwahi kuifanya bila mwenzake kando. Kwa hiyo miaka mitatu baadaye alipotandika turubai mbele ya Edma na mtoto, mbele yake alikaa mama mzazi, lakini pia alikaa mchoraji aliyeacha kuchora. Ni watu wachache sana waliolijua hilo kwa uzito wake. Mtazamaji wa kawaida aliona mama na mtoto tu.

Sasa turudi kwenye turubai na kuuliza kama ujuzi huo umo ndani ya rangi au tumeuingiza sisi kutoka kwenye barua. Tazama macho ya Edma. Hayamchezei mtoto, wala hayatutafuti sisi. Yanatazama kwa utulivu, kope zimeshuka kidogo, namna mtu anavyokitazama kitu anachotaka kukijua umbo lake. Hakuna tabasamu, na hakuna huzuni ya kuonyeshea watu. Kichwa kilichoegemea mkono ni mkao wa mtu anayefikiri. Ukimwondoa mtoto na kuweka kitabu au ramani mbele yake, mkao ungefaa vilevile. Halafu tazama mikono. Mkono wa kushoto wa mama umekunjwa karibu na uso wake, na mkono wa mtoto umekunjwa karibu na uso wake, mmoja kama kivuli cha mwingine. Jicho la mtazamaji linashuka kutoka uso wa mama hadi uso wa mtoto kwa mstari wa mshazari, na pazia la nyuma linauimarisha mstari huohuo. Hata bila barua, mtu makini angesema kwamba hapa yupo mwanamke ambaye shughuli yake wakati huu ni kutazama. Barua zinatuambia tu kwamba kutazama ndiyo iliyokuwa kazi aliyosomea. Aliyemchora Berthe akiwa kazini sasa anachorwa akifanya sehemu ya kazi ile iliyombakia.

Picha hii haikutokea ghafla. Katika mwaka ule wa kwanza wa ndoa ya Edma, Berthe alikwenda Lorient kumtembelea dada yake, akachora bandari, na Edma amekaa ukingoni mwa ukuta, mdogo, na mwavuli wake wa jua. Alimchora pia akiwa amekaa kando ya dirisha lililo wazi: nje kuna mwanga, kuna ghorofa za jirani na watu kwenye roshani, lakini yeye ameinamia kipepeo cha kujipepea kilichopo mapajani mwake. Mtu amepewa dirisha zima, na macho yake yako kwenye kitu cha kuchezea mikononi. Picha ya tatu inawaonyesha mama yao akisoma na Edma, aliyekuwa na mimba ya mtoto wa kwanza, akiwa amekaa kwenye kochi kwa gauni jeupe lililolegea, macho yamekwenda mbali. Ukizipanga picha hizi pamoja na ile ya mwaka 1872, unaona mchoraji anayerudi kwenye swali lilelile mara kwa mara, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango mmoja kwa adabu: dada yangu, uko wapi ukiwa umekaa kimya hivyo?

Picha hiyo ya mama na dada, ambayo leo iko katika jumba la taifa la sanaa mjini Washington, inatupa pia jaribio ambalo si rahisi kulipata katika historia ya sanaa. Berthe aliichora majira ya baridi ya mwaka 1869 kuingia 1870 akikusudia kuipeleka Salon, lakini hakuridhika na sehemu ya mama. Édouard Manet, rafiki wa familia na mchoraji ambaye tayari alikuwa gumzo la Paris, alikuja kuitazama siku ya mwisho kabla ya kuwasilishwa. Alianza kwa kurekebisha kidogo pindo la gauni. Mkono ukanoga. Akapanda hadi kiuno, kifua, kichwa, akicheka na kusimulia hadithi, na kufikia jioni karibu mama mzima alikuwa amechorwa upya na gari la kuchukua picha lilikuwa linasubiri. Mama aliona ni kichekesho. Berthe aliumia sana. Salon iliipokea. Lakini hadi leo mtu akiitazama anaona mikono miwili: gauni jeusi la mama limepigwa kwa brashi pana, lenye nguvu, linakuja mbele kama mtu anayetaka kusikilizwa, ilhali Edma yuko nyuma kidogo, laini, hajamaliziwa kusemwa. Manet alikuwa fundi mkubwa kuliko wengi wa zama zake, na sehemu yake si mbaya hata kidogo. Ila inasema kwa sauti kile kinachoonekana. Upande wa Berthe unabakiza kitu, na kubakiza huko ndiko tunakokutafuta.

Katika Le Berceau jambo hilo limepewa umbo la kitambaa. Edma ameshika pindo la shashi na kulivuta kati yetu na mtoto, kwa vidole tu, bila kukurupuka. Tunamwona Blanche, lakini kwa ukungu, kama mtoto aliyelala ndani ya chandarua anavyoonekana na mtu aliyesimama mlangoni. Mama pekee ndiye anayemwona waziwazi. Morisot angeweza kuifunua ile shashi. Angepata uso wa mtoto mchanga, kitu ambacho karibu kila mtazamaji angekipenda na huenda mnunuzi angekilipia. Badala yake alitumia sehemu kubwa ya turubai kuchora kizuizi, na akakichora kwa ustadi kuliko chochote kingine: weupe juu ya weupe, kijivu kinachoelekea buluu, waridi hafifu pindoni, brashi ikipita haraka ili rangi ya chini iendelee kuonekana. Kufunika na kuonyesha vimefanywa kwa tendo moja la mkono. Louis Leroy, mwandishi wa gazeti la dhihaka ambaye makala yake ya Aprili 1874 ndiyo iliyoeneza kwa kejeli jina la Impreshonisti, kundi la wachoraji alilokuwamo Morisot, alimcheka Morisot kwamba akitaka kuchora mkono hupiga mistari mingi kadiri ya vidole vilivyopo, na kazi ikaisha. Alidhani ametukana. Lakini ndivyo hasa tunavyowaona watu tunaoishi nao. Hatuhesabu kucha za dada yetu. Tunamtambua kwa namna anavyoshika kitu.

Hapa mtu anaweza kupinga, na hoja yake ina uzito: kusitiri ni njia ya heshima ya kudanganya. Kama Edma alikuwa na majonzi ya kuacha kazi yake, na Berthe akajua, basi kuchora utulivu na shashi nyeupe ni kupaka chokaa ukuta uliopasuka. Hoja hii ingeshinda kama picha ingekuwa imeufuta ule ufa. Haikuufuta. Linganisha na mila ndefu ya Ulaya ya kuchora Mariamu na mtoto Yesu, ambapo kwa kawaida mama humshika mtoto na kumwelekeza kwa waumini, naye mtoto huonekana mzima. Morisot aliijua mila hiyo vizuri, maana alikuwa akinakili kazi za Louvre tangu usichana. Katika picha yake mama hamshiki mtoto wala hamtoi kwa mtu. Ameacha nafasi kati ya mwili wake na kitanda. Uso wake una uchovu unaojulikana na yeyote aliyekaa na mtoto wa miezi michache, na una fikra ambazo hatuambiwi ni zipi. Uongo ungetuambia kwamba amefurahi tele. Malalamiko yangetuambia kwamba ameangamia. Picha inakataa kumfanya Edma kuwa bango la upande wowote. Mtu anaweza kumpenda mtoto wake na kuikumbuka kazi yake katika dakika ileile, na ni mtu wa karibu ndiye anayeweza kuyashika yote mawili bila kulitupa moja.

Pingamizi la pili ni la kihistoria. Wapo wanaosema Morisot alichora nyumbani kwa sababu hakuruhusiwa kwingine, hivyo tusiyageuze magereza kuwa maadili. Ukweli wa sehemu ya kwanza haubishaniwi. Chuo kikuu cha serikali cha sanaa, École des Beaux-Arts, hakikuwafungulia wanawake milango hadi mwaka 1897, miaka miwili baada ya kifo chake. Mwanamke wa tabaka lake hakukaa kwenye mikahawa ambako akina Manet na mchoraji mwenzake Degas walibishana usiku, na kutembea peke yake barabarani na turubai kulimletea macho ya watu. Lakini mpaka uliowekwa na wengine hauelezi kile mtu alichokifanya ndani yake. Wanawake wengi wa Paris walikuwa katika vyumba vilevile, na Le Berceau ni moja. Tena, Morisot aliujua mpaka ule na akaucheza. Mwaka 1875, akiwa kwenye fungate katika kisiwa cha Wight, Uingereza, alimchora mumewe Eugène, mdogo wake Édouard Manet. Eugène amekaa ndani, dirishani, amegeuza shingo kutazama nje, na huko nje, kwenye mwanga, wanapita mwanamke na mtoto. Katika picha za zama zile mwanamke ndiye anayekaa dirishani kuitazama dunia ya wanaume. Morisot ameibadilisha, na katika barua alilalamika kwamba mume huyu hana subira ya kukaa achorwe. Edma alikuwa nayo, pengine kwa kuwa alijua upande wa pili wa turubai unahitaji nini.

Pingamizi la tatu lilitolewa na mchoraji wa zama zilezile, na kazi yake iko katika jumba lilelile la Orsay. Mwaka 1871, mjini London, Mmarekani James McNeill Whistler alimchora mama yake mzazi, Anna, amekaa upande, amevaa nguo nyeusi, miguu juu ya kibao. Ile ni picha kubwa, sentimita 144 kwa 162. Hakuiita Mama Yangu. Aliiita Mpangilio wa Kijivu na Cheusi, Namba 1. Baadaye alieleza kwamba kwake yeye inapendeza kwa kuwa ni mama yake, lakini umma una haja gani ya kujali mwanamke huyo ni nani? Picha isimame au ianguke kwa mpangilio wake. Ni changamoto ya haki, na inatulinda tusisifu picha mbovu kwa sababu ya hadithi nzuri. Ila tazama yaliyompata Whistler mwenyewe: serikali ya Ufaransa iliinunua picha yake mwaka 1891, na dunia nzima ikakataa jina aliloipa. Kila mtu anaiita Mama wa Whistler. Watu hawakufanya hivyo kwa ujinga. Waliona kwamba ule mpangilio, ule ukavu na unyoofu, unamhusu mzee fulani mwenye tabia fulani, na kwamba mwana ndiye aliyejua wa kumpanga vile. Umbo na undugu havikuwa vitu viwili. Katika Le Berceau ule mshazari kutoka uso hadi uso ni mpangilio kama wa Whistler, na ni undugu pia. Huwezi kukwangua kimoja ukabaki na kingine.

Lipo pingamizi la nne, na hili haliishi kwa jibu rahisi. Utulivu wa nyumba kama ile ulikuwa na gharama, na waliolipa hawamo kwenye picha. Kuna mtu aliyefua ile shashi, aliyewasha moto, aliyepika. Sitara ya familia yenye uwezo inaweza kuwa pazia la kuficha jasho la wengine. Hilo ni kweli, na itakuwa si haki kuisifu Le Berceau kana kwamba chumba kile kilijifagia chenyewe. Kinachostahili kusemwa ni kwamba Morisot mwenyewe hakulikwepa jambo hilo daima. Alijifungua binti yake wa pekee, Julie, mwezi Novemba 1878, na mwaka uliofuata alimchora mama wa kunyonyesha aliyeajiriwa, Angèle, akimnyonyesha Julie bustanini. Tuifikirie hali hiyo: mwanamke mmoja anafanya kazi ya kulipwa ya kumlisha mtoto, mbele yake mwanamke mwingine, mama wa mtoto, anafanya kazi yake ya kuchora, na kazi ya wa pili inawezekana kwa sababu ya kazi ya wa kwanza. Nyuso karibu zimeyeyuka katika rangi, brashi inakimbia kama haitaki kukaa sehemu moja. Ni picha yenye wasiwasi kuliko ya Edma, na huenda ni kwa sababu ile ile tunayoizungumzia. Angèle aliishi ndani ya nyumba bila kuwa mtu wa nyumba. Morisot hakuwa na miaka ishirini ya kumjua, na turubai halijifanyi kama anayo.

Thamani ya kazi hizi haikuonekana upesi. Tarehe 15 Aprili 1874 wachoraji wapatao 30, miongoni mwao Monet, Degas, Renoir, Pissarro na Cézanne, walifungua maonyesho yao wenyewe nje ya Salon, katika jengo lililokuwa studio ya mpiga picha Nadar kwenye barabara ya Capucines. Morisot alikuwa mwanamke pekee, na Le Berceau ilikuwa kati ya kazi alizopeleka. Guichard, yule mwalimu wa zamani, alikwenda kutazama, akamwandikia mama yao kwa hofu kwamba binti anapaswa kuachana na watu hawa. Binti hakuachana nao. Alishiriki maonyesho saba kati ya manane ya kundi lile, akikosa ya mwaka 1879 tu, baada ya Julie kuzaliwa. Lakini Le Berceau haikupata mnunuzi. Alipofariki mwaka 1895, hati ya kifo iliandika kwamba hakuwa na kazi. Mwaka uliofuata Degas, Monet, Renoir na mshairi Mallarmé walisaidiana na Julie kutundika karibu kazi 400 za mtu huyo asiye na kazi. Karani aliyejaza hati ile hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na mizani ileile inayodhani kwamba picha za vita na za wafalme ni kazi, na picha ya dada kando ya kitanda ni hisia za nyumbani. Kama hoja ya makala hii ina ukweli, mizani hiyo imepotoka mahali pa wazi. Anayechora jenerali asiyemjua anaweza kuficha kutokujua kwake nyuma ya nishani na farasi. Anayemchora dada yake hana pa kujificha, kwa sababu kila mstari wa uongo atauona yeye mwenyewe, na dada atauona.

Kwa msomaji wa leo jambo hili limesogea karibu zaidi. Simu zetu zina picha za watu wa nyumbani kwa maelfu, na mtoto wa siku mbili anaweza kuonekana na watu elfu kabla bibi yake hajafika kumpakata. Si kosa la teknolojia, na hakuna sababu ya kuitukana. Lakini kuonyesha kumekuwa rahisi kiasi kwamba yale maswali mawili ya Morisot yanapotea njiani: ninamjua kwa kiasi gani huyu ninayemwonyesha, na ni sehemu gani ya huko kumjua iliyo yangu kuitoa? Yeye aliyajibu kwa brashi. Picha aliyoshindwa kuiuza aliiondoa sokoni, na kwa zaidi ya nusu karne ilikaa katika familia ya Edma, ikionekana hadharani mara chache sana, kana kwamba nayo ilivutiwa pazia. Mwaka 1930 Louvre iliinunua, na leo iko Orsay, mbele ya yeyote aliyelipa kiingilio. Mtu anaweza kuisogelea hadi pale kamba inapomruhusu, akainama, akakaza macho. Uso wa Edma ataupata, na milia ya brashi kwenye pindo ataihesabu akitaka. Blanche bado amefunikwa, na vidole vya mama yake bado vimeshika shashi.